Mpangaji Huhama na Kitasa Chake

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani, nikaigeuza ramani juu chini, nikaikung'uta, haikudondoka. Kwa hiyo wewe msomaji ukiona mahali panafanana na kwenu, ukayatambua hata mashimo ya barabara na majina yake ya utani, hiyo ni bahati mbaya ya mashimo. Mimi simo.

Iliitwa Jamhuri ya Kazamkanda. Ng'ambo ya mto, ukivuka daraja la mbao, palikuwa na nchi nyingine iliyoitwa Legeza. Wakazamkanda waliwadharau sana Walegeza, kwa kuwa Walegeza hawakuwa na msimamo, wala gwaride la maana, wala wimbo wa taifa uliozidi beti mbili. Walegeza walikuwa na umeme.

Mwaka huo uchumi wa Kazamkanda ulianguka. Naomba radhi, ulimi umeteleza. Kusema "umeanguka" kulikuwa marufuku. Mtangazaji mmoja wa redio alilitamka neno hilo asubuhi, na jioni akawa anawasomea mahabusu wenzake utabiri wa hali ya hewa. Kauli rasmi ilikuwa kwamba uchumi "umejilaza". Serikali ilieleza kwa upole kuwa uchumi umefanya kazi mno, umechoka, na mtu mstaarabu hampigii kelele aliyelala. Basi wananchi wakaanza kutembea kwa kunyata. Maduka nayo yakawa yanafungwa moja baada ya jingine, kimyakimya, yasije yakauamsha.

Tatizo ni kwamba hazina nayo ilikuwa tupu. Waziri wa Fedha, Makato na Mengineyo, Mheshimiwa Dakta Kizito Mapunjo, akajifungia ofisini kufikiri. Udaktari wake ulikuwa wa heshima. Alitunukiwa na chuo alichokisamehe kodi. Alifikiri mpaka wapambe wake wakaingiwa na wasiwasi, kisha akatoka na swali ambalo hakuna mchumi duniani aliyewahi kuliuliza:

"Uchumi umejilaza juu ya nini?"

Wapambe wakatazamana.

"Ungejilaza sakafuni," alisema Waziri, "ungeshaamka zamani na mgongo unauma. Kama mpaka leo haujaamka, basi kuna mtu ameutandikia!"

Nchi nzima ilikuwa na kiwanda kimoja tu cha magodoro.

*

Kiwanda kilikuwa cha Bi Siwazuri, mjane mwenye sauti ya mnadani na macho ya kupima. Alianza yeye na marehemu mumewe kwa kushona mito ya sufi barazani, mito ikazaa magodoro, magodoro yakazaa kiwanda, na kiwanda kikazaa mtaa mzima ulioitwa Godoroni. Hapo Godoroni, ukimuuliza mtu anafanya kazi gani, alikuwa akikujibu, "Nalaza watu." Msimamizi wa kiwanda alikuwa Athanasi, mkata sponji mkuu, ambaye kisu chake kilikuwa kirefu na mdomo wake ulikizidi.

Wizara ikamtuma mkadiriaji wa kodi. Alifika na mkoba, akaomba aonyeshwe bidhaa, na kwa kuwa kodi haikadiriwi kwa macho tu, akavua viatu akajilaza juu ya godoro. Aliamka alasiri, shavu lina alama ya mshono.

"Mama," alisema akifuta mate, "hapa nimepata faida. Na faida hutozwa kodi."

"Faida umeipata wewe, nilipe mimi?"

"Chanzo cha faida ni wewe."

"Bwana Mkadiriaji," Athanasi akadakia, "na kukoroma je? Maana umekoroma mpaka mashine zimezimika kwa aibu."

"Kukoroma ni burudani. Burudani ina kodi yake. Ahsante kwa kunikumbusha."

Ndivyo ilivyozaliwa Kodi ya Usingizi. Ikafuatiwa na Kodi ya Ndoto, kwa hoja kwamba mtu aliyelala vizuri huota, na kwa kuwa ndoto nyingine ni za nje ya nchi, hizo zilipaswa kupitia forodha. Godoro la futi sita likatozwa kodi ya ardhi. Kivuli cha kiwanda, ambacho mchana kilikuwa kinavuka ukuta na kulala barabarani, kikaandikiwa faini ya kuegesha pasipostahili. Na foleni ya kulipia yote hayo, kwa kuwa ilikuwa na kivuli cha mwembe mmoja mkavu, ikawa huduma, na huduma, kama ujuavyo, haitolewi bure.

Wakati huo Walegeza walikuwa wamefunga kipaza sauti ukingoni mwa mto. Kila asubuhi kilitangaza kwa sauti ya kubembeleza: "Karibuni wenye viwanda! Huku hakuna kodi mpaka mzoee!" Kiwanda cha viberiti kikavuka. Kiwanda cha soda kikavuka na mapovu yake. Dakta Mapunjo akaona hatari, akaweka Kodi ya Kuhama. Wenye viwanda waliobaki wakashusha pumzi, wakasema sasa angalau sisi tuliotulia tutaachwa. Wiki hiyohiyo ikaja Kodi ya Kutohama, iliyowahusu wote wanaonufaika na utulivu.

"Nikienda natozwa, nikibaki natozwa," Bi Siwazuri alimwambia mkadiriaji. "Nikakae katikati ya daraja?"

"Daraja lina ushuru wake, mama."

*

Ikaitishwa siku ya wananchi kuzungumza na Waziri, kwenye Uwanja wa Ushindi. Uwanja huo ulijengwa mapema ili ushindi ukitokea usikose pa kukaa.

Hapa ni lazima nieleze desturi moja ya Kazamkanda. Kule, tamko la kiongozi likishatoka mdomoni lilikuwa sheria papo hapo, mpaka litoke jingine. Bunge lilibakiwa na kazi ya kupiga meza. Alikuwapo afisa aliyeitwa Mwandishi wa Matamko, aliyetembea na kengele nyuma ya mawaziri. Waziri akisema neno, yeye huliandika, hupiga kengele, na neno limekuwa sheria. Wakati fulani Dakta Mapunjo alipiga chafya hadharani na nchi ikangoja kanuni zake kwa mwezi mzima.

Bi Siwazuri akasimama na kipaza sauti.

"Mheshimiwa, sikuja kulalamika, nimekuja kuomba. Nina watu Godoroni wananitegemea, na wao wana watu wanawategemea. Mimi kuhama sitaki. Mume wangu nimemzika hapa, na mteja wangu wa kwanza yuko hapa, mpaka leo ananidai chenji. Nipunguzie kodi mpaka uchumi uamke. Kama kupunguza huwezi, basi nirudishie umeme, niweze kuzalisha hicho cha kukulipa."

"Mwambie, mama!" uwanja ukaitikia.

Dakta Mapunjo alikuwa mpenzi wa mifano. Akarekebisha tai, akatabasamu tabasamu la mtu aliyepata mfano.

"Mama, wewe ni mtu wa nyumbani, nikueleze kwa mfano wa nyumba. Nchi ni nyumba. Nyumba ina mwenyewe. Mwenye nyumba hii ni nani? Ni Serikali! Sasa nambieni, anayelipa kodi kwa mwenye nyumba anaitwa nani?"

"Mpangajiii!" uwanja ulijibu, kwa sababu Wakazamkanda hawapendi kuacha swali peke yake.

"Basi nyie ni wapangaji. Na mpangaji akishindwa kodi hufanya nini?"

Watu wakaanza kutazama viatu vyao.

"Huhama!" Waziri akajijibu mwenyewe, akajipigia makofi.

Kengele ikalia.

Kosa halikuwa lake peke yake. Kuna nchi ambazo anachotoza mwenye chumba kina neno lake, na anachotoza mfalme kina neno lake, na kwa sababu hiyo wana mawakili wengi. Wakazamkanda walikuwa wamebana matumizi mpaka kwenye maneno: ya chumba ni kodi, ya Serikali ni kodi. Neno moja, mifuko miwili.

Jioni Athanasi alimkuta Bi Siwazuri ameketi juu ya marundo ya sponji.

"Hongera, Bi Mkubwa. Nasikia umepata chumba."

"Hongera na wewe. Tunatumia choo kimoja." Akabonyeza sponji kwa kidole. "Athanasi, wewe umepanga nyumba za watu miaka mingapi?"

"Tangu tumboni. Mama alinizaa chumba cha uani."

"Choo kikiziba huwa unamwambia nani?"

"Mwenye nyumba."

"Saa ngapi?"

"Alfajiri, kabla hajapata pa kukimbilia." Athanasi akaanza kucheka taratibu, kisha kwa nguvu, mpaka kisu kikamwanguka.

"Basi kawaambie wenzako walale mapema," alisema Bi Siwazuri. "Na kila mtu aje na mswaki wake."

*

Kulipopambazuka, lango la Waziri lilikuwa limezingirwa na watu waliojifunga kanga na taulo, mswaki mdomoni. Mbele yao Bi Siwazuri na ndoo ya bluu.

"Hodi, baba mwenye nyumba!"

Waziri akachungulia, amevaa fulana na msuli. "Nani?"

"Wapangaji!"

"Mna shida gani alfajiri yote hii?"

"Umeme, baba. Chumba cha Godoroni kiko gizani."

"Baba, paa la hospitali linavuja, wagonjwa tunawahamisha na beseni."

"Bomba la upande wetu linatoa upepo!"

"Na huyu mpangaji mwenzetu askari," alisema Athanasi, "kila tukipita ukumbini anatudai cha kupitia. Mwambie, baba, ukumbi ni wa wote."

"Andikeni barua!" Waziri akafoka.

"Mpangaji haandiki barua, baba," Bi Siwazuri alimjibu kwa adabu zote. "Mpangaji hugonga."

Wakapiga mswaki kwenye bomba lake, wakajaza ndoo, wakaaga vizuri, na kesho yake wakarudi wengi zaidi. Kuna aliyekuja kuomba chumvi. Kuna aliyekuja kumshitaki mpangaji wa wilaya jirani kwamba anafuga kuku wanaovuka mpaka. Mwenye nyumba hakulala. Na sheria ilikuwa yake mwenyewe, kengele ilishalia.

Dakta Mapunjo hakuwa mtu wa kushindwa. Kama wanataka mwenye nyumba, alisema, watampata. Siku hiyo redio ya taifa ilisoma Masharti ya Nyumba. Wapangaji wote wa Jamhuri walikatazwa kutumia pasi, kwa kuwa pasi inakula umeme (umeme wenyewe haukuwapo, lakini sharti ni sharti). Wageni mwisho saa nne usiku; watalii wakaanza kusindikizwa uwanja wa ndege na maandazi yao mkononi. Kila mkoa ulipewa zamu ya kufagia uwanja. Hata mke wa Waziri aliingia redioni, akasema kwa uchungu: "Kuna mpangaji mmoja anaacha bomba wazi. Anajijua!" Nchi nzima ikakaa kimya kwa siku mbili, kila mtu akimtazama jirani yake.

Kisha likaja sharti la mwisho. Kwa kuwa wenye viwanda ni wapangaji, watalipa kipangaji: kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Bi Siwazuri akawakusanya wafanyakazi wake.

"Sikilizeni. Hela ya miezi sita iko sehemu moja tu, kwenye mishahara yenu. Nikimlipa yeye, sitawalipa nyinyi. Nisipomlipa, anafunga kiwanda. Mimi kuhama sikutaka, mnajua. Mimi nilitaka umeme." Akazitazama mashine zilizozimika. "Lakini kule ng'ambo nitaweza kuwalipa. Anayetaka kuvuka avuke na mimi, anayetaka kubaki sitamlaumu."

Athanasi akafuta kisu chake kwenye suruali.

"Tunavuka, Bi Mkubwa. Ila tuhame kwa desturi."

"Desturi gani?"

"Mpangaji huhama na kitasa chake."

*

Aliyewahi kupanga anaijua desturi hii. Ukihama, huachi ulichokifunga mwenyewe. Balbu ni yako, unaifungua. Pazia, msumari wa kutundikia koti, koki ya bomba uliyoinunua baada ya kuimba wimbo wa koki kwa mwaka mzima bila mwenye nyumba kuitikia: vyako, unang'oa.

Godoroni wakaanza na kitasa cha geti. Wakang'oa mashine, madirisha na milango. Wakashusha taa za mtaani, kwa kuwa Bi Siwazuri ndiye aliyezifunga. Wakazoa changarawe ya barabara ya kiwandani, kwa kuwa ndiye aliyeimwaga, na shimo la zamani likajitokeza likiwa zima kabisa, kama ndugu aliyerudi kutoka safari.

Hapo ndipo Athanasi alipokumbuka michango. Kwa miaka yote, kila sherehe ya taifa, Wizara ilikuwa ikimwomba Bi Siwazuri "achangie kidogo kwa uzalendo". Na yeye alichangia alichokuwa nacho.

Wakaenda Bungeni. Kikao kilikuwa kinaendelea. "Samahani, mheshimiwa, inuka kidogo," walisema kwa unyenyekevu, wakachomoa sponji moja moja chini ya waheshimiwa. Mlinzi alikuja mbio kuwauliza kama wana kibali.

"Waziri katuambia tuhame," alisema Athanasi. "Kengele imelia."

Mlinzi akafikiri. Yeye mwenyewe alikuwa ameshahama mara nyingi. "Basi shika huko," akasema, "mie nishike huku."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika historia, waheshimiwa walikaa kwenye mbao tupu, na hakuna aliyelala. Mjadala ulikuwa mkali. Mmoja aliuliza bajeti ni nini.

Kutoka hapo wakapita wizarani, wakachukua kiti cha Waziri, chenye sponji tabaka tatu. Mwisho wakafika Ikulu. Mtukufu Rais alikuwa hajaonekana hadharani kwa muda mrefu. Serikali ilikuwa ikisema anatafakari. Walimkuta anatafakari kwa ubavu, juu ya godoro bora kuliko yote yaliyowahi kushonwa Godoroni. Wakaliinamisha kwa heshima, Mtukufu akateremka taratibu mpaka kwenye zulia. Akafumbua macho.

"Tumeshapata uhuru?" aliuliza.

"Tuko mbioni, Mtukufu," walimjibu, wakafunga mlango. Kisha wakakumbuka kitasa.

Msafara ukaelekea darajani, kila mtu na godoro kichwani, ukiutazama kwa mbali ungedhani mtaa umeota miguu. Pale langoni kwa Waziri, ambapo ndoo ya bluu ilikuwa imebaki tangu asubuhi zile za mswaki, Athanasi akasimama.

"Bi Mkubwa, ndoo yako!"

"Iache."

"Mpangaji anayeacha ndoo anarudi."

"Nani kakuuliza?" alisema Bi Siwazuri, na hakugeuka nyuma, jambo lililomfanya Athanasi ajue kwamba anajizuia.

*

Wengine walipoona, wakahama hivyohivyo. Mwenye kampuni ya ujenzi akachukua ngazi za jengo la Wizara. Watumishi wa orofa ya tatu wakashuka kwa pazia mpaka nalo likafuatwa na mwenyewe. Kodi zote zikabaki, walipaji hakuna. Hata Kodi ya Kutohama ilikosa mtu wa kutohama ila Serikali yenyewe, nayo ilikuwa na msamaha.

Mwenye nyumba asiye na wapangaji ana dawa moja tu. Dakta Mapunjo akapigilia kibao mpakani: NCHI INAPANGISHWA. MAJI YAPO (MASIKA). Akamwita dalali.

Dalali huyo, Pazi, alikuwa mtu mwembamba mwenye simu tatu na pengo moja.

"Inajitegemea?" Pazi aliuliza akizungukazunguka.

"Ilikuwa ikijitegemea zamani."

"Tutaandika inajitegemea. Choo ndani?"

"Choo... kiko Legeza, kilihamishwa."

"Tutaandika mazingira ya wazi."

Ng'ambo nako mambo yalikuwa yamegeuka. Asubuhi moja kipaza sauti cha Legeza kilinyamaza, na afisa mmoja mpole akaingia kiwandani kwa Bi Siwazuri, akatazama mashine zinavyozunguka na wafanyakazi wanavyocheka, akasema, "Naona mmeshazoea." Akatoa kitabu cha risiti.

Bi Siwazuri akajifunga mtandio. "Athanasi, twende."

"Wapi?"

"Nafuata ndoo yangu."

Walimkuta Dakta Mapunjo nje ya lango lake, ameketi juu ya ndoo ya bluu iliyopinduliwa, kwa kuwa kiti hakuwa nacho. Pazi alikuwa kando, na alipomwona mwanamke anatazama huku na huku, macho yakamng'aa.

"Karibu, mama! Unatafuta nchi? Hii ni nafasi ya pekee. Pana, ina hewa, karibu na kila kitu. Ila vitu vyenyewe vimehama."

Waziri alifungua mdomo, Bi Siwazuri akampa jicho, akaufunga.

"Hebu nione," alisema mjane. Akafungua bomba, likakohoa. Akagonga ukuta. Akaangalia juu, kama anayekagua dari. "Majirani wakoje?"

"Majirani wazuri, wana umeme."

"Haya. Naipenda. Nimlipe nani?"

Pazi alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea udalali, ghafla akaurudisha.

"Samahani, Mheshimiwa. Mwenye nyumba ndiye wewe?"

"Ndiyo. Yaani, Serikali."

"Nauliza kwa sababu hili pengo." Akalionyesha kwa ulimi. "Niliwahi kupangisha nyumba ya Alhaji mmoja aliyekuwa Hija. Aliyenipa funguo aliniambia ni yake. Alhaji akarudi. Tangu siku hiyo, bila kumjua mwenye nyumba, sipokei hata senti. Serikali iliijenga lini nchi hii?"

"Haikuijenga. Iliikuta."

"Iliikuta! Ikiwa na nani ndani?"

Waziri akajikuna shingo.

"Tusibishane," alisema Bi Siwazuri, kwa sauti laini mno. "Mheshimiwa, tusaidie kitu kimoja. Ukisimama pale uwanjani, huwa unaanzaje hotuba yako?"

Kuna watu ukiwaambia "hotuba" miguu husimama yenyewe. Dakta Mapunjo akainuka juu ya ndoo, akarekebisha tai iliyokuwa haipo, na kabla akili haijamfikia, mdomo ulikuwa umeshaondoka:

"Ndugu wananchi! Nchi hii ni mali yenu! Sisi viongozi ni wapita njia tu, tumekaa hapa kwa hisani yenu..."

Nyuma ya ukuta kengele ikalia. Mwandishi wa Matamko alikuwa hajalipwa tangu wapangaji wahame, lakini mazoea yana nguvu.

Athanasi akashika kichwa. Pazi akapiga kofi pajani.

"Kumbe bwana ni mpangaji! Tena mpangaji anayepangisha! Lo, lingenitoka jino la pili!"

Waziri aliketi tena taratibu, akiielewa sheria yake mwenyewe neno kwa neno. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Wakazamkanda wote waliijua, kwa kuwa kila mmoja alishaitumia mlangoni pa mtu, alisema:

"Naomba mnivumilie mpaka mwisho wa mwezi."

Athanasi alimgeukia Bi Siwazuri. "Bi Mkubwa, mpangaji akishindwa kodi hufanya nini? Naomba nijibu mimi. Nimelisubiri swali hili tangu uwanjani."

"Nyamaza." Mjane alikuwa akitazama upande wa Godoroni, ambako shimo la barabarani lilionekana hata kutokea pale. "Nenda kawaambie wenzako warudi na mashine. Nina nyumba yangu mwenyewe, nikapange kwa watu?"

"Na kodi tutalipa?"

"Nitachangia paa, nitachangia bomba, nitachangia umeme, na nitakuja kukagua. Usingizi wa mtu silipii." Akamgeukia Waziri. "Wewe utakaa chumba cha uani. Miezi sita kwa mkupuo sikudai, sina roho hiyo. Lakini masharti yapo."

"Masharti gani, mama mwenye nyumba?"

"Yaleyale yako."

*

Ndiyo maana mawaziri wa Kazamkanda hadi leo wanahutubia na suti zilizokunjamana. Pasi marufuku. Wageni wao huaga saa nne kasoro, na zamu ya kufagia wanaijua. Mtukufu Rais alipewa mkeka, na tangu hapo ameanza kuonekana hadharani, tena mapema.

Nisikudanganye kwamba mambo yote yamenyooka. Wenye nyumba ni wengi kama warithi wa marehemu tajiri, kila mmoja anataka chumba cha mbele, na vikao vyao vinasikika Legeza bila kipaza sauti. Pazi bado anazungukazunguka mpakani na simu zake tatu. Ndiyo maana wamekifuta kile kibao na juu yake wameandika kwa rangi nyekundu, kama inavyoandikwa kwenye kila nyumba ya familia yenye ndugu wasioaminiana: NCHI HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI. Rangi alitoa Bi Siwazuri, na desturi unaijua.

Godoroni mashine zinazunguka, siku umeme ukiwapo. Ndoo ya bluu imerudi kwa mwenyewe, ina alama ya makalio. Uchumi haujasimama bado, lakini haujalala tena. Umeketi ukingoni mwa godoro, unapapasa sakafuni kwa mguu, unatafuta kandambili zake.

Moja ameivaa Waziri.